Mtaro Mchafu wa Fardau

Baba yangu, Wobbe Tolsma, haogopi kitu duniani isipokuwa nyasi ndefu. Ng'ombe akikwama kuzaa, ataingiza mkono mpaka begani bila kukunja uso. Dhoruba ikiezua bati la zizi, atapanda juu na misumari mdomoni wakati upepo bado unavuma. Lakini akiona tete moja limechomoza katikati ya mtaro, usingizi unamwishia. Wala si yeye peke yake. Katika bonde letu hapa Friesland kila shamba limezungukwa na mitaro, na mitaro yote inapeleka maji kwenye pampu kubwa nje ya kijiji, nayo pampu inayainua na kuyamwaga ziwani, maana sisi tunaishi chini kuliko bahari. Mtu hapa hapimwi kwa ng'ombe alionao wala kwa trekta lake. Anapimwa kwa mtaro.

Kila Novemba kuna ukaguzi. Wakaguzi ni watatu: wakulima wawili waliochaguliwa na wenzao, na afisa mmoja wa baraza la maji. Wanatembea kando ya mitaro yote tangu kunapopambazuka. Mtaro uliokwanguliwa mpaka udongo ukaonekana, umepita. Ulio na matete, umeanguka, na jioni yake mkahawani, watu wakiwa wameinamia supu ya njegere, mkaguzi mkuu anautaja, naye mwenye mtaro anasimama aonekane. Faini ipo, lakini hakuna anayeikumbuka. Kinachokumbukwa ni kule kusimama. Yuko mzee mmoja aliyesimama nikiwa shule ya msingi, na mpaka leo akipita na baiskeli yake watu husema, yule ni wa matete.

Baba ndiye mkaguzi mkuu tangu nikiwa msichana. Jina la Tolsma halijawahi kutajwa mkahawani kwa mtaro ulioanguka, si lake, si la babu, si la aliyemzaa babu. Mimi Fardau ndiye niliyerithi shamba, na mimi ndiye niliyeacha matete yaote.

Sikuyaacha kwa uvivu, na yeyote anayesema ni uvivu aje akamue nami alfajiri moja tu. Niliyaacha kwa sababu ya ziwa. Miaka ile ziwa lilikuwa limegeuka. Kiangazi kikifika lilivaa utando wa kijani unaonuka kama yai viza, watoto wakiogelea wanatoka na vipele, na mbwa wa mwalimu alikunywa maji yake akafa. Watu wa baraza la maji walipima wakasema ni mbolea na samadi yetu, inayotiririka kutoka mashambani hadi mitaroni, na mitaroni hadi kwenye pampu. Sisi tukasema ni bata bukini. Kwa miaka mingi tuliwasingizia bata bukini kila kitu, na maskini hawakuwa na mtu wa kuwatetea kwenye baraza.

Ndipo baraza likaandaa kanuni. Kanuni moja kwa mkoa mzima: kila mkulima aache ukanda mpana usiotiwa mbolea kila upande wa kila mtaro, upana ule ule, iwe ardhi inateremka kuelekea maji au inayapa mgongo. Kwingine hilo linavumilika. Kwetu mashamba ni membamba kama mikanda ya suruali, na mitaro ni mingi kuliko njia. Harke, jirani yangu wa upande wa mashariki, alipoona ramani aliuliza kama baraza litatuletea na mashua, maana ng'ombe wake hawajui kulisha wakiogelea.

Lakini hatukukataa. Hapa ndipo ninapopenda kusimulia kwa sauti, na mnisamehe. Wakulima wengine walipeleka matrekta barabarani wakachoma matairi. Sisi tulikaa jikoni kwangu, majira ya baridi yote, tukiwa na kahawa na keki, tukagombana kama watu wa ukoo mmoja, mwishowe tukatoka na mpango wetu wenyewe. Palipo na mteremko, ukanda uwe mpana kuliko hata wanavyotaka wao. Pasipo na mteremko, uwe mwembamba. Mtaro usikwanguliwe wote kwa mpigo: mwaka huu upande huu, mwaka ujao upande ule, ili matete yawepo wakati wote, yanywe mbolea kabla haijafika ziwani. Na tupimwe kwa maji yanayofika kwenye pampu, si kwa futi kamba. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tulitia sahihi wote, hata Harke, ingawa alisaini huku akiguna.

Baraza lilisikiliza. Likasema, sawa, tuonyesheni. Tukachagua mtaro wangu mrefu, unaoanzia zizini, ukapita chini ya daraja la mbao, ukaenda moja kwa moja hadi kwenye pampu. Baraza likaweka sharti moja tu: baada ya misimu michache ya majaribio, mtaro huo upite ukaguzi kama mitaro mingine, kwa sababu haliwezi kuandika katika sheria jambo ambalo wakaguzi wake wenyewe wameliangusha. Ukipita, bonde litafuata mpango wetu. Ukianguka, kanuni ya mkoa inatushukia wote. Kwa hiyo mashamba ya watu wote yalikuwa yananing'inia kwenye mtaro wangu, na mtaro wangu ulikuwa mkononi mwa baba.

Sheria ya kale ya bonde ina maneno matatu tu juu ya jambo hili: mtaro uwe safi. Haisemi safi ni nini. Hakuna aliyewahi kuuliza, kama vile hakuna anayeuliza maji ni nini.

Nilitaniwa, tena sana. Mtaro ulipata jina lake, Mtaro Mchafu wa Fardau, na watu wakaanza kuutumia kuelekezana njia. Harke alinisimamisha nje ya kanisa mbele ya watu akaniambia ameona bata ameingia mtaroni kwangu tangu Jumanne na hajatoka, je, amtafute au ana ramani. Nilimjibu kwamba bata huyo kahama kwake kwa sababu ya harufu. Watu walicheka, nami nikacheka. Matani ya Harke hayakuniuma.

Kilichoniuma ni baba. Yeye hakusema neno. Anaishi kwenye nyumba ndogo ng'ambo ya ua wangu, na kila jioni alikuwa na desturi ya kutembea kando ya mtaro mrefu, mikono nyuma, mpaka kwenye pampu na kurudi. Matete yalipofika magotini alibadilisha njia. Akawa anazunguka kwa barabara ya lami, mwendo mrefu zaidi, na goti lake bovu lile, ili tu asipite pale. Afadhali angenigombeza. Ningejibu, tungezozana, yangekwisha. Mtu anayekuonea aibu kimya kimya hakuachii la kushika.

Ukaguzi ulipokaribia nilimfuata kwake na sahani ya keki. Kwetu mtoto hamwambii baba yake "wewe". Unamsema kana kwamba ni mtu wa tatu aliyeko hapo hapo mezani, ndiyo heshima, nasi tumezoea.

"Baba ameuona mtaro?" nilimuuliza.

"Nitauona siku ya ukaguzi."

"Baba anajua kwamba bonde zima linautegemea?"

"Mimi ni mzee, Fardau, si kiziwi." Alikata keki kwa uma, vipande vidogo vidogo, asile hata kimoja. "Nitaukagua kama ninavyokagua mingine."

Nilitaka kumwambia kwamba hilo ndilo ninaloliogopa. Badala yake nikamwambia keki itakauka, nikaondoka.

Siku moja kabla ya ukaguzi niliitwa mjini Leeuwarden, kwenye baraza, kuutetea mpango wetu kwa mara ya mwisho. Nilivaa koti langu la mazishi, maana sina jingine zuri, nikasimama mbele ya watu wenye miwani nikawaeleza. Niliongea vizuri. Nalisema mwenyewe kwa sababu Mfrisia hasifiwi na mwenzake mpaka awe kaburini. Nikawaambia sisi hatuombi kuachiwa, tunaomba kudaiwa zaidi: msitupime kwa upana wa nyasi, tupimeni kwa maji, na maji yakiwa machafu mtushike koo. Wakaguna kwa namna ya kukubali. Bi Marleen Verhoef, mtaalamu wa maji, mwanamke wa Utrecht ambaye misimu yote ile alikuja kuchota maji mtaroni kwangu na kuondoka na matope hadi kiunoni bila kulalamika, alinifuata mlangoni. Mwaka huu yeye ndiye angekuwa afisa katika ukaguzi. Akaniambia vipimo vyake ni vizuri, lakini neno la mwisho kuhusu mtaro ni la mkaguzi mkuu, na yeye hawezi kulibadilisha.

"Ni baba yako, nimesikia," akasema.

"Ndiyo maana naogopa," nikamjibu.

Niliendesha gari kurudi nyumbani nikiimba. Nilikuwa nimejawa na fahari, acha niseme ukweli, kifua kilikuwa kimenijaa nikaona hata mawingu ya mvua yaliyokuwa yanajikusanya upande wa magharibi ni mazuri.

Nilipoingia uani niliona marundo. Matete yamelazwa ukingoni, rundo baada ya rundo, yamepangwa nadhifu, vichwa upande mmoja. Nikaacha mlango wa gari wazi nikakimbia. Kuanzia zizini hadi kwenye daraja la mbao mtaro ulikuwa mtupu. Kingo zimefyekwa hadi udongo mweusi, ukanda wa nyasi umelazwa chini, na maji yako wazi kama sakafu iliyodekiwa. Na pale darajani alikuwa amesimama baba, amelowa hadi mapajani, ameshika ile reki yake ya meno marefu na mpini mrefu aliyorithi kwa babu, anahema.

Alitabasamu. Ndilo jambo ambalo sitalisahau. Baba yangu, ambaye hatabasamu hata kwenye harusi, alinitabasamia.

"Nimefika hapa tu," akasema. "Goti limegoma. Chukua trekta umalizie huko chini kabla ya giza, kesho hatakuwa na la kusema mtu yeyote."

Mdomo wangu ulifunguka, na neno lililotoka sikuwahi kulitumia kwake tangu nizaliwe.

"Wewe," nikamwambia. "Wewe umefanya nini?"

Alirudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyesukumwa kifuani. Nikaendelea, kwa sababu maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia wewe umenimaliza, wewe umelimaliza bonde zima, mimi niko mjini naupigania mtaro huu na wewe uko hapa unaung'oa. Nikamwambia kama aliona aibu sana angehama.

Alisubiri nimalize. Kisha akasema polepole, akiitazama reki na si mimi:

"Ningeutaja vipi, Fardau? Niambie. Mtaro una matete, siwezi kusema hauna, sijawahi kusema uongo kwenye ukaguzi. Na jina lako siwezi kulitoa mdomoni pale mkahawani ukasimama watu wakutazame. Nimelala na jambo hili tangu kiangazi. Nikaona njia ni hii moja."

Hakuwa amenionea aibu. Alikuwa ananiogopea. Nikaelewa kila kitu kwa mpigo, na kuelewa kwenyewe hakukunipunguzia hasira hata kidogo, maana mtaro ulikuwa umekwisha kukwanguliwa. Nani mwingine duniani angeharibu jambo kwa kulifanyia usafi? Sisi tu. Nilimwambia sitamalizia. Aliiegemeza reki kwenye daraja akaenda zake, akichechemea, nami nikakaa juu ya rundo la matete na koti langu la mazishi nikalia kwa hasira.

Usiku ule mvua ilinyesha kama imetumwa. Ilipokucha ilikuwa imekatika, na watu walikuwa wameshafika uani kwangu. Kwa kawaida hakuna anayefuatana na wakaguzi, lakini mwaka ule wote waliotia sahihi walikuja, wamevaa mabuti yao, wamejipanga nyuma kama kwenye mazishi. Mbele walikuwa baba, Harke ambaye ndiye mkaguzi wa pili, na Bi Marleen na mkoba wake wa chupa. Baba hakunitazama. Mimi nilikuwa na nafasi ya kumwambia Bi Marleen ni nani aliyeufyeka mtaro na lini, na jaribio lingeweza hata kuahirishwa. Niliufungua mdomo nikaufunga. Damu ni nzito kuliko maji, hata maji ya bonde zima.

Tukaanza zizini. Pale palipokuwa pasafi jana, kingo zilikuwa zimemomonyoka. Udongo uliokosa kitu cha kuushika ulikuwa umeteleza vipande vipande hadi ndani, na maji yalikuwa na rangi ya kahawa ya maziwa, na povu juu, na ile harufu ya samadi iliyotoroka. Watu walitazamana. Harke aliuliza polepole matete yamekwenda wapi, na hakuna aliyemjibu, ingawa marundo yalikuwa pale pale, yamepangwa kwa namna ambayo kila mtu bondeni anajua ni mkono wa nani.

Darajani baba alisimama. Upande wa chini matete yalisimama vilevile nilivyoyaacha, yamelowa, yameinama kidogo. Alishuka akaingia kando yao na kuanza kutembea kuelekea kwenye pampu, njia ambayo hakuipita muda wote ule. Alitembea taratibu mno. Maji ya kahawa yaliingia kwenye matete pale darajani, na kadiri tulivyosonga yalizidi kuwa mepesi, yakawa chai, kisha yakawa kama maji ya kuoshea mchele. Tulipofika kwenye kichaka cha mwisho, yalikuwa maji.

Baba alimpa Harke fimbo yake, akapiga goti lile bovu kwenye matope, akaingiza mkono mtaroni hadi kwenye kiwiko. Akaufungua. Sote tuliiona ile mistari ya kiganja chake huko chini, na samaki wadogo wadogo wakija kuuchungulia.

"Wobbe, umedondosha pete?" Harke akauliza, kwa kuwa hawezi kunyamaza.

Baba hakucheka. Akauacha mkono mle mpaka nikadhani umekufa ganzi. Bi Marleen alikuwa anajaza chupa zake pembeni, naye baba akamwuliza akiwa bado amepiga goti:

"Sheria inasemaje, bibie? Neno kwa neno."

"Mtaro uwe safi."

"Basi?"

"Basi. Haielezi zaidi. Imewaachia wakaguzi."

"Na wewe Harke, unasemaje?"

Harke alivua kofia akajikuna. Shamba lake lilikuwa linaning'inia kama ya wengine, tena lake ndilo jembamba kuliko yote, na nilimwona jinsi anavyohangaika. Lakini yeye naye ni mtu wa hapa.

"Juu umepita, chini umeanguka," akasema. "Nisamehe, Fardau. Ndivyo nilivyofundishwa. Tena aliyenifundisha ni wewe, Wobbe."

Baba akainuka kwa kujikokota, akakataa mkono wangu. Jibu halitolewi mtaroni, hutolewa jioni. Tukaondoka kila mtu na lake moyoni, na nilikamua ng'ombe siku ile bila kujua ni yupi nimemaliza na yupi bado.

Jioni mkahawa ulifurika hata waliochelewa wakasimama kwenye mlango wa jikoni. Supu ya njegere ilikuwa nzito, kijiko kinasimama chenyewe, na mkate mweusi na nyama ya kukausha. Hakuna aliyeila kwa hamu. Baba alikuwa amekaa kwenye meza ya wakaguzi kati ya Harke na Bi Marleen, amechana nywele kwa maji. Mkaguzi mkuu huzungumza ameketi, ili anayetajwa aonekane vizuri anaposimama. Akapitia mitaro mmoja mmoja kwa kichwa, kama anavyofanya siku zote. Umepita. Umepita. Kijana mmoja wa upande wa kaskazini alitajwa akasimama, masikio yamemwiva, akaketi.

"Mtaro mrefu wa Tolsma," baba akasema.

Nikashika ukingo wa meza.

"Kutoka darajani hadi kwenye pampu, umepita." Akaongeza: "Ni mtaro safi kuliko yote niliyowahi kukagua. Na nimewahi kukagua wangu."

Mtu mmoja nyuma aliachia pumzi kama puto. Baba aliinua mkono, bado.

"Kutoka zizini hadi darajani, umeanguka."

Harke aliweka kijiko chini. "Umeanguka kwa nini?" akauliza. "Uchafu gani, Wobbe? Pale hakuna hata jani moja."

"Ndiyo huo uchafu," baba akasema.

Nadhani kila mtu mle ndani alikuwa anaupitia mtaro wake kichwani, ule alioukwangua wiki iliyopita kwa jasho lake, na kuutazama upya. Bi Marleen alisema kwa sauti ya chini, kwa Kifrisia chake cha kuvunjikavunjika alichojifunza mashambani kwetu, kwamba amesikia, na kwamba jibu litafika barazani kama lilivyotamkwa: mpango wa bonde umepita ukaguzi. Nami nikakumbuka kwamba mtaro wangu umeanguka pia, kipande, na desturi ni desturi. Nikasimama, niwe Tolsma wa kwanza kusimama pale.

Baba naye akasimama. Mkaguzi hasimami, haijawahi kutokea. Aliinuka akiegemea meza kwa mikono yote miwili kwa sababu ya goti, akanyooka, akanitazama moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Kaa chini, Fardau," akasema. "Mtaro ni wako. Uchafu ni wangu."

Nikakaa. Yeye akabaki amesimama mbele ya kijiji kizima, mikono nyuma, kidevu juu, muda wote ambao angemtaka mtu mwingine yeyote asimame, na hakuna aliyecheka, hata Harke. Kisha akaketi akaomba apitishiwe mkate. Jina letu lilikuwa limetajwa, na sijawahi kujivunia kuitwa Tolsma kama jioni ile.